Vichupa vinane, mwanamke mmoja

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ungali umelala juu ya mibuni ya Mbinga, na Tadea Mbunda ameshaizunguka pikipiki yake sijui mara ngapi. Anabonyeza tairi la mbele. Anafungua boksi la barafu, analifunga, analifungua tena kana kwamba kuna mtu amemwibia kitu hapo katikati. Mlinzi amemtolea kiti cha plastiki. Tadea amekitundikia koti lake la mvua, kisha ameendelea kuzunguka.

"Nikikaa naumwa," anasema bila kuinua uso. "Mama alikuwa ananifunga khanga kiunoni kanisani, upande mwingine anaushika yeye, ili nisitoke nje kabla ya komunyo. Niulize kama ilisaidia."

Tadea ana miaka thelathini na minne. Kazi yake ni kushuka ziwani na kupanda. Anawapelekea wanawake wa mwambao wa Ziwa Nyasa vifaa vya kujipimia, anakusanya sampuli, na anazirudisha Mbinga mjini siku hiyo hiyo kabla barafu haijawa maji. Analipwa shilingi laki nne na nusu kwa mwezi. Tairi likipasuka, ni lake. Kule Ngumbo na Mbaha watoto wanamwita Dada wa Boksi, na wakubwa nao wameiga.

Leo ana sababu mbili za kutotulia. Ya kwanza ni mzigo anaousubiri: anashuka na majibu ya wanawake wanane wa Ngumbo. Ya pili iko hapa hapa anapoondoka. Saa nne baraza la kituo chake cha utafiti litakaa kuamua kama mwambao uendelee kupimwa au uachwe.

Ukiachwa, mashine itabaki kuwapima watu wa milimani walio karibu na lami, na wanawake wa ziwani wataendelea kutibiwa kwa kubahatisha kama walivyotibiwa miaka yote. Tadea anaijua hesabu hiyo vizuri. Ndiyo maana kiti kimebaki na koti.

Mashine yenyewe imo nyuma ya mlango ambao bado haujafunguliwa, katika jengo jipya lenye paa la bluu. Ni mashine inayosoma vinasaba vya vimelea, na vya mtu mwenyewe, kwenye sampuli ndogo kabisa. Vyuo vikuu vitatu viliichangia, pamoja na jengo, majokofu ya baridi kali, jenereta na paneli za jua, kwa sababu hakuna hata kimoja ambacho kingeweza kuibeba gharama hiyo peke yake. Kabla ya hapo kila chuo kilikuja Ruvuma na gari lake, friji yake na maswali yake. Kilichukua kilichotaka, kikaondoka, na mwaka uliofuata kingine kikaja kuuliza yale yale.

Sasa wanagawana zamu. Kila chuo kina siku zake za kutumia mashine, na siku chache zimetengwa kwa ajili ya watu ambao hakuna gari la chuo lililokuwa na haraka ya kuwafikia. Siku hizo ndizo za mwambao. Ni chache, na wanaozitamani ni wengi.

Tadea ni Mmatengo wa milimani, upande wa Litembo, na alipotakiwa kuwaeleza wanawake wa ziwani mpango huu alitumia alichokijua tangu utotoni. Aliwaambia habari za sengu, ile desturi ya kila nyumba ya ukoo kupeleka chakula chake barazani kwa babu na kula pamoja.

"Nikawaambia, hii mashine ni sengu. Mmoja kaleta ugali, mmoja kaleta maharage, mmoja kabahatika kaleta kuku. Kila mtu analeta chake, wote wanashiba." Anaguna. "Walinielewa. Tatizo ni kwamba walinielewa sana."

Mlango unafunguliwa. Anayetoka ni Dokta Aidan Hyera, mratibu wa kituo, mtu mpole mwenye sweta lililolegea viwiko. Anamkabidhi Tadea bahasha zilizofungwa na katoni ya vidonge. Hamwambii yaliyomo kwenye bahasha, na Tadea haulizi, maana majibu hutolewa na muuguzi wa zahanati kwa mhusika mwenyewe.

"Wakimaliza kikao nitakupigia," anamwambia.

"Dokta, usinipigie kunipa pole. Kama ni pole, nitumie ujumbe."

"Nenda, Tadea."

Anaenda. Koti la mvua linasahaulika kwenye kiti, na mlinzi analazimika kukimbia nalo hadi getini.

*

Lami inaishia Mbamba Bay. Kutoka hapo ni vumbi, mawe, mchanga wa kuzama tairi, na vijito ambavyo mvua ikinyesha milimani hugeuka kuwa mito bila kumwarifu mtu. Mwandishi wa makala haya alimfuata Tadea kwa bodaboda ya kukodi na kula vumbi lake lote. Kila tuliposimama dereva wangu alisema jambo moja tu: "Huyu mama ana wazimu."

Si wazimu. Alikuwa dereva wa bodaboda Mbinga mjini kwa miaka sita, mwanamke peke yake kwenye kijiwe chake, na alijifunza kwamba abiria wanaomwona akisita humkimbia. Kituo kilipotafuta mtu wa kushuka mwambao, wanaume wawili walijaribu kwa mwezi mmoja mmoja, wakarudisha funguo. Tadea aliomba kazi akiwa bado amevaa kofia ya pikipiki.

Anachokikimbiza ni kichocho. Kila mtu wa mwambao anakijua, au anadhani anakijua. Mtoto anakojoa damu, wanapita shuleni na vidonge, yanakwisha. Kisichosemwa mara nyingi ni kwamba mayai ya minyoo hiyo yanaweza kung'ang'ania kwenye via vya uzazi vya mwanamke na kuweka vidonda. Anatokwa damu siku zisizo zake. Anaumia akiwa na mumewe. Mimba hazikai, au haziji kabisa.

Akienda kutibiwa, dalili zake zinafanana na za magonjwa ya zinaa, na anayemwona hana kipimo cha kumwonyesha tofauti. Anaandikiwa dawa za zinaa. Hazisaidii. Anaandikiwa nyingine. Nyumbani mume anaanza kuuliza alikuwa wapi na nani.

Wakati huo huo mwanamke huyo anashinda majini. Analoweka muhogo pembeni mwa ziwa na kurudi kuuopoa ukishalainika. Anafua, anaosha vyombo, anaogesha watoto. Mitumbwi ikirudi na usipa, dagaa wadogo wa ziwa hili, anaingia maji yakimfika mapajani kuupokea. Vidonge vya shuleni havimfikii kwa sababu alimaliza shule zamani. Mtu anaweza kukasirika akilifikiria jambo hili, na atakuwa na haki.

Kwenye kijito kimoja kabla ya Liuli tunasimama kupooza injini. Tadea ananisimulia kisa cha vichupa huku akirusha vijiwe majini, kimoja baada ya kingine, kama anayemlenga mtu.

Miezi michache iliyopita alishuka Ngumbo kwa mara ya kwanza na vifaa. Aliwakuta wanawake wanane wa kikundi cha Tujikomboe, ambao huanika usipa kwenye uchanja mmoja. Utaratibu uko wazi. Kila mwanamke anapewa kijiti chenye pamba na kichupa kimoja, anaingia faragha peke yake, anatoka, na kichupa kinawekewa namba mbele yake. Cha pili hakitoki mkononi mwa Tadea mpaka cha kwanza kimerudi.

Inahitaji subira, na siku hiyo mawingu yalikuwa yamekaa vibaya upande wa Mbaha, ambako alitakiwa kufika kabla mto haujajaa. Akawaeleza mara mbili. Akawaachia vichupa vyote vinane. Akawasha pikipiki.

Aliporudi jioni vilikuwa vimepangwa kwenye sinia, vimefungwa barabara, vimefunikwa kitambaa cheupe. "Nilifurahi mpaka nikawapigia vigelegele," anasema. "Huwa napata vitano, vinne. Hawa wamenipa vyote."

Wiki iliyofuata Dokta Aidan alimwita ofisini na kufunga mlango. Vichupa vyote vinane vilikuwa na kichocho. Na vyote vinane vilitoka kwenye mwili wa mtu mmoja.

Dokta Aidan mwenyewe anakumbuka kwamba shaka yao ya kwanza ilikuwa juu ya mashine. "Tulisafisha, tukarudia. Jibu likawa lile lile. Pale ndipo nilipoanza kuogopa, kwa sababu kuna maelezo mepesi ya jambo kama hilo, na kila mtu barazani angeyafikia kabla yangu."

Maelezo mepesi ni kwamba Tadea hakufika Ngumbo. Kwamba alijificha mahali, akavijaza vichupa yeye mwenyewe, akarudi kudai mafuta. Mambo hayo hutokea katika kazi za utafiti, na hakuna anayefurahi kuyasema. Mjumbe mmoja wa baraza aliyasema. Akaongeza kwamba dawa za mashine ni ghali na zina tarehe ya kuharibika, kwa hiyo siku za mwambao wapewe watu wa milimani ambao sampuli zao zinaaminika.

"Nikamwambia Dokta, nipimeni mimi," anasema Tadea. Kijiwe kingine kinaruka. "Walinipima. Mwanamke mzima nimekaa kwenye maabara yetu wenyewe najipima ili nionekane si mwizi. Nililia, nisikudanganye."

Sampuli zile hazikuwa zake. Dokta Aidan akaomba duru moja zaidi kabla ya uamuzi, akaipata kwa taabu. Iwapo duru ya pili nayo ingekuwa na kasoro, habari ya mwambao ingefungwa.

*

Uchanja wa Tujikomboe uko hatua chache kutoka majini, miti iliyofungwa kwa kamba na kutandazwa wavu juu yake. Usipa unang'aa juani na harufu yake inakupokea kabla hujashuka kwenye pikipiki. Wanawake wanaugeuza kwa viganja, haraka, bila kuutazama.

"Shikamoo, mama," anaamkia Tadea.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na sura ya mtu aliyekimbizwa."

Huyo ni Oliva Ndimbo, mwenyekiti wa kikundi, ambaye hapa anaitwa Mama Vitalis kwa jina la kifunguamimba wake. Ni mama wa watoto sita na kiongozi wa akina mama wa kanisa kigangoni. Akikohoa, uchanja mzima unanyamaza.

Tadea anazipeleka bahasha na katoni kwa Luisa Turuka, muuguzi wa zahanati, ambaye anamwita mwanamke wa kwanza ndani na kufunga mlango. Wengine wanabaki wakigeuza usipa na kusubiri zamu. Namuuliza Mama Vitalis kuhusu vile vichupa vinane. Haoni haya hata kidogo.

"Wewe umetoka Songea? Basi sikiliza. Walikuja wa kwanza hapa, wakachukua damu za watu, wakasema majibu yanakuja. Wakaenda. Wakaja wengine na gari jingine, wakauliza maneno yale yale. Tukawaambia wenzenu wameshachukua. Wakasema hao siyo sisi. Wakachukua, nao wakaenda. Hatujaona jibu mpaka leo hii tunayosema mimi na wewe."

Anarusha usipa uliokatika kwa kuku.

"Sasa katika sisi wanane aliyekuwa anaumwa ni mmoja. Devotha, yule pale. Anaumwa mbele ya macho yetu, kuna siku anashindwa kuinama. Sisi wengine wazima. Tukasema, tukimwacha na kichupa kimoja, kikipotea huko njiani kama damu za kwanza zilivyopotea, naye amepotea. Lakini vikiwa vinane! Hata vikimwagika saba, kimoja si kitafika?"

Kwa hiyo Devotha aliingia ndani na vijiti vinane. Wengine waligeuza usipa wake, kama wanavyofanya kila anapozidiwa.

"Na huyu huyu dada alituambia ni kama watu kula pamoja, kila mmoja alete chake," Mama Vitalis anamalizia. "Haya, mwenye njaa alikuwa nani?"

Tadea anatazama ziwani. Aliposikia maneno haya kwa mara ya kwanza, anasema baadaye, alikuwa ameshuka na hasira ya kuwafokea wote. Ilimwishia pale pale kwenye mchanga. Badala ya kufoka alikaa chini, jambo ambalo wanawake wale bado wanalitaja kama ajabu. Akawaambia kwamba kosa lilikuwa lake, alipaswa kusubiri. Kisha akatoa kichupa kimoja na kumpa Mama Vitalis. Alishinda pale mpaka cha nane kikarudi.

"Walikuwa wanacheka," anasema. "Wanasema, dada, unatupima sisi wa nini? Sisi tuna nini?"

*

Devotha Kapinga ana miaka ishirini na tisa. Mwandishi alimwahidi kulificha jina lake, naye alikataa. "Andika jina langu na la baba yangu. Nimefichwa vya kutosha."

Aliolewa milimani, Kingerikiti, akiwa na miaka ishirini. Damu zilianza kabla ya kuolewa, lakini alidhani ndivyo wanawake walivyo. Kule alitibiwa zinaa mara nyingi kiasi kwamba alizijua dawa kwa rangi. Mume alipimwa, akaonekana mzima. Mtoto hakuja. Mwaka wa tano mama mkwe alimrudisha Ngumbo akisema kijana wake hawezi kulala na ugonjwa wa wanaume wengine.

"Mume wangu hakusema neno," anasema Devotha. "Alinibebea mzigo mpaka barabarani, akarudi. Ndiyo hivyo."

Majibu ya vile vichupa vinane aliyapata kwanza, maana yalikuwa yake yote, na vidonge alikwisha kumeza. Damu zimepungua. Luisa hakumficha kwamba vidonda vingine haviondoki hata minyoo ikifa, na hakuna aliyemwahidi mtoto. Leo amekuja kusikia ya wenzake.

Anayeteseka zaidi uwanjani ni Tadea. Anakwenda kwenye kichuguu nyuma ya zahanati, mahali pekee penye mtandao wa kueleweka, anatazama simu, anarudi. Anaingiza mikono kwenye usipa ili asaidie.

"Dada, unauvunja! Acha kabisa, nenda kapige tairi zako," wanamfukuza, na kicheko kinapita uchanja mzima.

Kicheko hicho hakikudumu. Mwanamke wa kwanza alikuwa ametoka kwa Luisa, akarudi kwenye nafasi yake na kuendelea kugeuza usipa. Wa pili alitoka akaenda moja kwa moja nyumbani. Wa tatu alisimama nyuma ya zahanati akijipepea kwa ncha ya khanga, ingawa upepo wa ziwani ulikuwa mwingi.

Majibu ya kila mtu ni siri yake, na makala haya hayatasema yalikuwaje kwa yeyote ambaye hakupenda kusema. Mama Vitalis alipenda. Alikaa ndani muda mrefu kuliko wote. Alipotoka alikuwa ameshika vidonge vyake kiganjani, bila kuvificha, na alitembea mpaka kwenye uchanja akasimama pale anaposimama akitaka kutangaza bei.

"Na mimi ninacho," alisema.

Kuku waliendelea na usipa wao.

"Ninacho, tena Luisa anasema huenda ni cha siku nyingi. Yale maumivu niliyokuwa nasema ni uzee, siyo uzee. Nimezaa watoto sita na mume mmoja, Mungu ananiona. Sasa lile jina mlilokuwa mnampa Devotha mkiwa kisimani, mnipe na mimi. Nipeni, nipo hapa." Alimgeukia Devotha. "Na wewe mwanangu, unajua kikombe chako cha chai nilikuwa nakiweka peke yake. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama."

"Na hukusema."

"Ningesema nini? Mlinipa vichupa vyenu."

Mama Vitalis alikaa kwenye mchanga. Alilia kwa sauti, kama mtu anavyolia msibani, na wanawake wawili zaidi walikuja wakakaa naye, mmoja wao akisema wazi kwamba naye anacho, na pamoja na Devotha wamekuwa watatu. Devotha alibaki amesimama. Halafu akaendelea kugeuza usipa wao, kwa sababu jua lilikuwa limeshakuwa kali na upande wa juu ungeungua.

Mwandishi huyu ameandika habari nyingi za afya, nyingine akiwa amekaa kwenye kumbi zenye viyoyozi, na anakiri kwamba alishindwa kuandika kwa muda. Aliona haya kushika kalamu.

*

Simu iliita Tadea akiwa nusu ya njia kwenda kwenye kichuguu. Alikimbia sehemu iliyobaki. Tulimwona akisikiliza, mkono mmoja kichwani, akizunguka pale juu kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi.

Alishuka bila kutabasamu. Mwambao umebaki. Sampuli za duru ya pili zilikuwa safi, wanawake wanane, miili minane. Dokta Aidan alipolieleza baraza sababu ya kilichotokea duru ya kwanza, anasema, yule mjumbe aliyekuwa mkali zaidi ndiye aliyeomba kuelezwa mara ya pili, na baada ya hapo hakupinga. Siku za mwambao hazitaguswa kwa mwaka mmoja. Sharti ni moja: Tadea asiache tena kichupa nyuma yake.

"Mwaka mmoja," anasema Tadea, kwa sauti ya mtu aliyetajiwa bei isiyo na akili. "Kichocho kimekaa hapa tangu enzi za babu zao, sisi tunapewa mwaka mmoja. Chanja zote hizi, kutoka hapa mpaka Mbaha, na mimi ni mmoja, na sasa inabidi nikae kila mahali nisubiri!"

Nilimuuliza kama hakufurahi.

"Nimefurahi. Usiandike sikufurahi. Lakini furaha ya aina hii inakupa kazi." Alikuwa tayari anakaza kamba za boksi. Anataka mwendesha pikipiki wa pili, na anataka awe mwanamke wa mwambao, mtu ambaye akiambiwa "sisi wazima" atajua kucheka. Anataka vidonge viwafikie waliomaliza shule, na anasema atamsumbua Dokta, na Dokta amsumbue anayehusika, mpaka wachoke. Mwezi huu anataka kuwafikia wanawake wa chanja tatu. Aliyasema yote hayo kwa pumzi moja.

Alikuwa ameshawasha injini Devotha alipokuja mbio kutoka uchanjani, mikono imejaa magamba. Tadea akazima. Walisalimiana upya, kama watu wasiokuwa pamoja tangu asubuhi.

"Dada, nina shida. Si ya vidonge."

"Sema."

"Nataka twende Kingerikiti. Kwa mama mkwe. Ukamweleze ni nini nilikuwa naumwa."

Tadea alivua kofia. Hilo halimo katika kazi aliyoajiriwa, na alijua kwamba kituo kina taratibu kali kuhusu nani anaambiwa habari za nani. Alimuuliza Devotha kama amefikiri vizuri. Alimuuliza kama anataka kurudiwa.

"Kurudi kule? Hapana. Yule kijana ameshaoa. Mimi nataka wasikie tu, basi."

"Unajua ukishasema hakuna kurudisha."

"Dada, ni ugonjwa wangu mimi. Naruhusiwa kuusema?"

Tadea alifikiri kidogo. Akasema anaruhusiwa. Akasema Jumapili hana kazi, atamfuata baada ya misa, na wataomba Luisa aende nao, kwa kuwa atakuja na sare yake na maneno ya kitaalamu, kama mama mkwe atayataka. Yeye Tadea ataendesha na atakaa kimya, Mungu akimsaidia. Hapo Devotha alicheka.

Kisha akaacha kucheka. Alijifuta magamba kwenye khanga, kidole kimoja kimoja.

"Lakini tukifika, Luisa asianze kusema haraka," alisema. "Siku ile nafukuzwa, mama mkwe alitoa vyombo vyangu nje, akaita majirani waje wasikie ninachoumwa. Na Jumapili waitwe kwanza. Wale wale."